Damu chafu, sabuni na pomade: historia ya egzema mpaka Nyalukemba



Agosti 2024, kiangazi kikali, vumbi la Bukavu mnalijua. Saa nane ya usiku nilisikia mtoto wa dada yangu akijikuna. Sauti ile ukishaisikia huisahau: kucha juu ya ngozi kavu, krra, krra, krra, bila kupumzika. Alikuwa na miaka mitatu. Nitamwita Mujomba tu, maana njo tunavyoitana mimi na yeye. Asubuhi shuka lilikuwa na alama za damu, na nyuma ya magoti yake ngozi ilikuwa imepasuka.

Mwezi ule haukuwa mwezi wa kuwa na vipele. Tarehe 14 Agosti Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mpox kuwa dharura ya dunia nzima, na aina mpya ya kirusi ilikuwa imeonekana mwaka uliotangulia Kamituga, humu humu jimboni kwetu. Basi mama mmoja wa parseli ya jirani akamvuta mtoto wake kwa mkono mbele ya macho yetu. "Dada, samahani, lakini ule mutoto iko na nini? Ile haiko Monkeypox kweli?" Tokea siku ile hakuna mtoto aliyekuja tena kucheza na Mujomba.

Nyumbani kila mtu alikuwa na sababu yake. Koko alisema ni damu chafu, tumpe dawa ya kusafisha tumbo. Shangazi akasema ni uchafu, aogeshwe mara tatu kwa siku na sabuni kali. Mtu mwingine, chini chini, akataja karuho. Na dada yangu alikuwa na tube ya pomade aliyonunua kwenye farmasi, nitaisimulia huko mbele. Muuguzi wa kituo cha afya alimwangalia vizuri, akampima homa, akauliza maswali mengi, kisha akasema: hapana Mpox, ni egzema.

Mimi sikusoma udaktari. Nina lisansi ya historia. Lakini nilijiuliza swali ambalo mwanahistoria anaweza kuuliza: haya mawazo manne, damu, uchafu, uchawi na pomade, yalitoka wapi? Nilipoanza kusoma nikakuta mawazo mengi ya nyumbani kwetu yana ndugu zao mbali sana.

Tuanze na neno lenyewe. "Eczema" ni neno la Kigiriki, maana yake ni kitu kinachochemka na kutoka nje. Waganga wa Ugiriki ya zamani waliamini mwili una majimaji manne, na yakiharibika ndani, ngozi inayatapika. Njo maana kwa mamia ya miaka wagonjwa wa Ulaya walitolewa damu na kupewa dawa za kuharisha. Msomeni tena Koko wangu hapo juu: damu chafu, safisha tumbo. Hayo si "mawazo ya kijijini". Madaktari wakubwa wa Paris na London waliyafundisha kwa karne nyingi. Tusimcheke mzee wetu kwa kosa ambalo vyuo vikuu vya Ulaya vililifanya muda mrefu kuliko yeye.

Mwaka 1808, huko London, Robert Willan alitoa kitabu kilichopanga magonjwa ya ngozi kwa jinsi yanavyoonekana: vipele, malengelenge, magamba. Ilikuwa hatua, maana kabla ya hapo kila kitu kiliitwa jina lolote. Baadaye, katikati ya karne ile ya 19, Ferdinand von Hebra wa Vienna alifanya jambo la kushangaza: alipaka mafuta makali ya mbegu za krotoni juu ya ngozi nzima, na egzema ikatokea. Damu haikuguswa. Kumbe kitu cha nje peke yake kinaweza kuiwasha ngozi. Ni Hebra huyohuyo aliyesisitiza kwamba upele wa kuambukizana, ule unaowasha usiku katikati ya vidole, unaletwa na mdudu mdogo, si na damu.

Lakini Hebra hakumaliza maneno. Mwaka 1892 Ernest Besnier, daktari wa Paris, aliandika juu ya wagonjwa ambao muwasho wao unaanza utotoni, unaenda na kurudi, na unaandamana na pumu au mafua ya chavua katika familia moja. Mwaka 1923 Wamarekani Arthur Coca na Robert Cooke wakatoa jina "atopia" kwa tabia hii ya mwili kushtuka bure, na mwaka 1933 Fred Wise na Marion Sulzberger wakaliweka jina hilo juu ya ugonjwa wa ngozi.

Sasa sikilizeni. Ndugu zetu wa Tanzania wanaita egzema hii "pumu ya ngozi". Maneno matatu tu! Ndani yake kuna jambo ambalo madaktari walihitaji miaka mingi kuliandika: pumu na egzema ni watoto wa nyumba moja. Na nilipomuuliza dada kuhusu baba wa mtoto, akanijibu kwa kawaida kabisa: "Baba yake? Yeye alikuwaka na asma akiwa mudogo." Hakuna mtu aliyewahi kuunganisha hayo mawili.

Turudi Kivu. Kituo cha Wabelgiji hapa Bukavu kilianza 1901, na baadaye muji ukaitwa Costermansville, mpaka jina letu liliporudi miaka ya 1950. Udaktari wa kikoloni ulijali sana magonjwa mawili aina: yale yanayoua na yale yanayopunguza nguvu ya wafanyakazi. Malale, ndui, ukoma, buba. Watu walipangwa mistari, wakahesabiwa, wakachomwa sindano. Mtoto anayejikuna usiku hakuwa na ukurasa kwenye ripoti. Egzema haiui na haiambukizi, kwa hiyo ilibaki kazi ya wamama.

Kitu kingine kilichofika wakati uleule ni sabuni. Mwaka 1911 William Lever, tajiri wa sabuni wa Uingereza, alipata mkataba na serikali ya Ubelgiji wa kukusanya mawese katika Kongo. Mji wa Lusanga, kule Kwilu, uliitwa Leverville kwa jina lake. Mafuta yetu yalikwenda Ulaya, na sabuni ikaja kwetu pamoja na somo: ngozi yenye ugonjwa ni ngozi chafu. Shuleni na kwenye misheni usafi ulifundishwa kama tabia njema. Sipingi usafi, kunawa mikono kumeokoa watu wengi. Lakini somo liliingia sana kichwani. Shangazi aliposema "mara tatu kwa siku na sabuni kali", mimi nilisikia sauti ya zamani.

Kwa egzema somo lile linageuka sumu. Ngozi nzima ina asidi kidogo, pH yake ni karibu 5. Sabuni ya kawaida ya kipande iko karibu 9 au 10. Sabuni haichagui: inaondoa uchafu, na inaondoa pia mafuta yanayoshikilia ngozi. Kwa mtu mwenye ngozi imara, mafuta yanarudi. Kwa Mujomba, kila kuoga kwa sabuni kali kulikuwa kumbomolea nyumba.

Hapa nifike kwenye pomade. Mwaka 1948, kwenye Mayo Clinic ya Marekani, Philip Hench alimchoma sindano ya kotizoni mgonjwa wa viungo ambaye alikuwa hawezi kutembea vizuri, na baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 yeye, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipata tuzo la Nobel. Mwaka 1952 Sulzberger, yuleyule wa 1933, pamoja na Victor Witten, wakaonyesha kwamba ndugu ya kotizoni, hidrokotizoni, ikipakwa juu ya egzema inatuliza. Hapo njo dawa ya kwanza ya kweli ilipatikana. Miaka iliyofuata viwanda vikatengeneza steroidi zenye nguvu mara nyingi zaidi: betametazoni, kisha klobetazoli.

Na hapo historia inachukua kona mbaya. Steroidi kali ikipakwa muda mrefu inapunguza rangi ya ngozi. Watu wakaliona hilo, na dawa ya hospitali ikawa mafuta ya kujichubua. Haikuwa peke yake: kulikuwa na hidrokinoni, na kulikuwa na zebaki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika juu ya watu wazima waliovimba mwili kwa ugonjwa wa figo, na zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Rwanda, hapo ng'ambo ya Ruzizi, ilianza kuzikamata krimu za namna hii madukani mwishoni mwa 2018. Kwetu mnajua zinauzwaje. Meza moja, mwavuli mmoja, na tube ya klobetazoli iko pembeni ya biskuti.

Tube ya dada yangu ilikuwa ya aina ile ya "inatibu kila kitu": ndani kuna steroidi kali, antibiotiki na dawa ya fangasi pamoja. Hakuna aliyemwambia. Wiki ya kwanza ilikuwa muujiza, mtoto alilala. Akaendelea kumpaka kila siku, uso pia, miezi minne. Kila alipoacha siku mbili, ugonjwa ulirudi na hasira. Nilipomtazama Mujomba vizuri mchana, ngozi ya mashavu ilikuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, na mishipa midogo inaonekana. Dada alilia. Akasema, "Minamuharibu mutoto mimi mwenyewe." Nikamwambia hapana. Alichofanya ni kile ambacho mama yeyote anafanya mtoto wake asipolala: alinunua kilichopatikana.

Msinielewe vibaya lakini. Wengine wakisikia haya wanakimbia kotizoni kabisa, na mtoto anateseka bure. Hilo nalo ni kosa. Dawa si adui. Inataka kipimo: nguvu ndogo usoni na kwa watoto, muda mfupi, mahali penye ugonjwa tu, na mtu wa afya anayefuatilia. Tokea 1991 madaktari wanatumia kipimo rahisi: krimu iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha mtu mzima mpaka kwenye kiungo cha kwanza inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Na aliyetumia kali kwa muda mrefu asikate ghafla peke yake, aende aonwe.

Mwaka 2006 watafiti wakina Irwin McLean wa Dundee, Scotland, na Alan Irvine wa Dublin, Ireland, walionyesha kwamba watu wengi wenye egzema wana kasoro kwenye jeni ya protini inayoitwa filagrini. Fikirieni ukuta wa matofali. Seli za ngozi ni matofali, mafuta ni simenti, na filagrini inasaidia kupanga matofali na kutunza unyevu. Ukuta ukiwa na nyufa, maji yanatoka na vumbi linaingia, askari wa mwili wanashtuka na muwasho unaanza. Ila mwaka 2011 utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa Ethiopia haukukuta kasoro zile za Ulaya. Kwa hiyo kwetu Afrika nyufa zinaweza kuwa na asili nyingine, hata kama ukuta ni uleule. Nalisema hili kwa wale wanafunzi wa udaktari wanaotusoma: kazi bado ipo.

Na kuna jambo la vitabu. Vitabu tulivyorithi vinasema egzema ni nyekundu, maana picha zake zilipigwa kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu mara nyingi hauonekani. Inaonekana kijivu, kahawia nzito au zambarau, mara nyingi na vipele vidogo vidogo kwenye vinyweleo, na ikipona inaacha madoa meusi au meupe kwa miezi. Ukisubiri wekundu, utachelewa. Kwa upande wetu wa Afrika, tokea 1992 kuna kituo cha kikanda cha kufundisha wataalamu wa ngozi kule Moshi, Tanzania, pembeni ya hospitali ya KCMC. Ni njia moja kwa anayetafuta cha kusomea.

Basi ni nini kinaamsha egzema? Nilianza kuandika kwenye kalenda ya ukutani, kila usiku mbaya alama moja, na pembeni yake kilichotangulia. Baada ya miezi michache picha ilijitokeza. Kiangazi, Juni mpaka Agosti, hewa kavu na vumbi. Maji ya moto sana. Nguo zilizofuliwa kwa sabuni ya unga na kusuuzwa mara moja tu kwa sababu maji yamekatika. Sweta ya lana juu ya ngozi, kwa sababu ya baridi yetu ya asubuhi. Jasho. Moshi wa makala. Na kujikuna kwenyewe: kucha zinafungua ngozi, bakteria wanaoitwa stafilokoki wanaingia, muwasho unazidi, kucha zinarudi. Ni mzunguko.

Kuna alama moja kubwa kwenye kalenda ile: katikati ya Februari 2025, siku M23 walipoingia Bukavu. Tulilala kwenye koridoo, mbali na madirisha. Hakuna chakula kipya kilicholiwa, hakuna sabuni iliyobadilishwa, lakini mwili wa Mujomba ulilipuka wote. Madaktari wanajua hili, hofu na kukosa usingizi vinaamsha egzema. Mimi niliona kwamba ngozi ya mtoto nayo inaandika historia ya muji.

Chakula je? Hapa naomba tuwe makini. Kwa watoto wachache, hasa wadogo wenye egzema kali, mayai, maziwa au karanga vinaweza kuchangia. Lakini wengi hapana. Na sisi ni watu wa Kivu: kule Lwiro, makao ya IRSAC iliyoundwa 1947, watafiti walitumia miaka mingi kusoma utapiamlo wa watoto wa hapa. Kumkataza mtoto wa Kivu mayai, samaki na karanga kwa kubahatisha ni kumtoa kwenye muwasho na kumpeleka kwenye kwashiorkor, ambayo nayo inaharibu ngozi. Usiondoe chakula bila mtu wa afya kukuongoza.

Tunachofanya nyumbani sasa ni hiki. Anaoga mara moja kwa siku, maji ya uvuguvugu, dakika tano mpaka kumi. Sabuni isiyo na harufu, kidogo, na kwenye makwapa, sehemu za siri na miguu tu. Tunamkausha kwa kumgusa na taulo, bila kusugua. Kisha, ngozi ikiwa bado na unyevu, tunampaka vazelini mwili mzima, na tena jioni. Vazelini ni kitu cha zamani, Robert Chesebrough alipata hati yake Marekani mwaka 1872, na mpaka leo ni kati ya vitu vya bei nafuu vinavyoziba nyufa za ukuta. Chagua isiyo na manukato. Kucha fupi. Nguo ya pamba chini ya sweta. Nguo zinasuuzwa mara mbili, na maji ya kusuuza ya mwisho hayatupwi, yanaosha nyumba. Krimu ya hidrokotizoni ipo, tuliandikiwa, na tunaitumia siku chache tu ugonjwa ukiamka.

Na kuna alama za kukimbilia hospitali: usaha au magamba ya njano, homa, au malengelenge mengi madogo yanayouma yanayotokea kwa ghafla juu ya egzema. Ikiwa nyumba nzima inajikuna usiku, huo huenda ni upele wa mdudu, na lazima watibiwe wote siku moja. Ukiogopa Mpox, yaani homa, tezi zilizovimba, vidonda vinavyojaa maji, nenda upimwe. Usihukumu mtoto wa mtu juu ya ukuta wa parseli.

Hata chanjo ina historia yake hapa. Ile chanjo ya zamani ya ndui ilikuwa na kirusi hai, na kwa mtu wa egzema kingeweza kusambaa mwili mzima na kuua. Chanjo ya Mpox iliyoanza kutolewa Goma Oktoba 2024 ni ya aina nyingine, kirusi chake hakizaliani mwilini mwa mtu. Kwa hiyo mwenye egzema asijikatae mwenyewe. Amwambie mchanjaji, na amsikilize.

Mujomba hajapona. Egzema haina dawa ya kuimaliza, ingawa watoto wengi wanapungukiwa nayo wakikua. Kiangazi kilichopita alama za kalenda zilikuwa chache kuliko kile cha kwanza, na mashavu yamerudi kuwa mashavu. Nilimwendea yule mama jirani na kumweleza, polepole, bila hasira: haiambukizi, hata wakilala kitanda kimoja. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Yaya, mbona hamukutuambia tokea mwanzo?" Alikuwa na haki. Hatukumwambia kwa sababu na sisi hatukujua.

Koko bado anasema damu chafu. Lakini jioni ni yeye anayempaka vazelini, na ana mkono mzuri kuliko sisi wote.

Naomba kitu kimoja kwenu mnaosoma, wa Ibanda, Kadutu, Bagira na mlio mbali. Waulizeni wazee wenu: kwa Mashi, Kilega, Kihavu, Kifuliiru, muwasho huu uliitwaje, na mtoto alipakwa nini kabla ya sabuni kufika? Andikeni jibu, pamoja na kijiji na umri wa mzee. Ripoti za kikoloni hazikuandika. Wanaojua wamezeeka, na baada yao hatutakuwa na wa kumuuliza.